Robota Lililomuua Baba

Watu wa Kurasini wa umri wangu hawahitaji kuelezwa robota ni nini. Kwa wengine nitasema: ni pamba iliyoshindiliwa kwa mashine mpaka ikawa ngumu kama tofali, ikafungwa mikanda ya chuma, na kuliinua moja wanahitajika wanaume kadhaa na matusi kadhaa. Tulipokuwa watoto tuliyaona yakipita juu ya malori kwenda bandarini, tukawa tunayahesabu kwa sauti na kugombana. Baba yangu mzazi naye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuyahesabu, ila yeye alilipwa. Alikuwa karani wa mizigo, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita baba vilevile, alikuwa kuli.

Baba huyo mdogo alikufa nikiwa kidato cha pili. Robota lilichomoka kwenye kamba za winchi likamwangukia. Nililia kilio cha mtu aliyefiwa na baba, kwa sababu nilikuwa nimefiwa na baba. Baba mkubwa, baba mdogo, hayo ni maelezo ya kumpa mgeni anayeuliza. Mwenyewe ukimwita uso kwa uso unamwita baba, basi. Nayasema haya mapema kwa sababu kwa miaka mingi nimejitetea nayo. Yana ukweli, lakini mimi ndiye ninayejua ukweli huo unaishia wapi.

Nilipomaliza kidato cha sita serikali ilinipeleka Polandi kusomea ufundi wa nguo. Enzi hizo vijana wengi walipelekwa nchi za kijamaa, wakarudi na vyeti na makoti mazito ambayo Dar hayana kazi. Mji wangu ulikuwa wa viwanda vya kufuma, majengo ya matofali mekundu yaliyopigwa moshi. Hosteli walinipanga chumba kimoja na binti mmoja wa pale pale, mama yake mfumaji. Alikuwa mfupi, anavuta sigara, ana hasira za karibu, na tayari alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Baadaye akawa mwanasiasa mkubwa wa mrengo wa kushoto. Hapa nitamwita rafiki yangu. Kwao jina lake linajulikana, na wapo wanaolitemea mate.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu nifike. Tulipelekwa kiwandani kujifunza kwa vitendo, tukaingia ghala la pamba, nikainua macho nikaliona robota linaning'inia kwenye winchi juu ya vichwa vya watu. Nikakaa chini sakafuni. Rafiki yangu akachuchumaa mbele yangu akauliza kuna nini. Kipolandi changu wakati ule kilikuwa cha mkate, tramu na uzi. Nilitaka kumwambia kwamba mzigo kama ule ulimuua baba yangu mdogo. Neno la mzigo ule kwa lugha yao sikuwa nalo, nikalitumia la kwetu nikitumaini mkono wangu uliokuwa unaonyesha juu utamalizia. Neno la baba mdogo pia sikuwa nalo, nikasema baba. Sentensi yangu ikawa ya maneno matatu: *Robota zabiła ojca.* Robota limemuua baba.

Sikujua kwamba neno robota na wao wanalo, herufi kwa herufi, na kwao maana yake ni kazi.

Yeye alisikia hivi: kazi ilimuua baba. Hakutazama juu hata kidogo. Alivua skafu yake akanifunga shingoni, akanishika mkono mpaka hosteli, na tulipofika akachukua penseli akaiandika sentensi ile ukutani juu ya kitanda chake. Wiki moja baadaye aliisema kwenye mkutano wa wanafunzi, huku amenisimamisha kando yake. Ukumbi wote ulipiga makofi mpaka nikaona aibu ya kawaida, ile ya msichana anayetazamwa. Wanafunzi wakachanga wakaninunulia koti. Msimamizi wa hosteli, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuniitikia salamu, alituhamishia chumba cha karibu na bomba la joto. Nilipendwa, jamani. Nilikuwa peke yangu katika nchi ya theluji na ghafla nikapendwa na watu mia mbili.

Miezi miwili haikupita nikajua kila kitu. Maana ya robota kwao niliipata mwenyewe kiwandani. Hilo la baba lilikuja darasani, mwalimu wa lugha alipochora ukoo ubaoni: mama, baba, babu, na kando ya baba akaandika *stryj*, ndugu wa kiume wa baba. Nililinakili kwenye daftari. Nikalitazama. Koti nilikuwa nimelivaa, maana darasa lilikuwa la baridi, na rafiki yangu alikuwa ananingoja mlangoni. Kilichohitajika ni sentensi moja ya kumfurahisha mwalimu: aliyekufa ni *stryj*, baba yangu yupo. Nilifunga daftari tukaenda kula.

Na baba yupo kweli, tena anaandika. Kila mwezi ilikuja barua yake, na ndani yake barua yangu ya mwezi uliopita imerudishwa, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ndivyo alivyokuwa. Hata gazeti alikuwa halisomi bila kalamu. "Umeandika theruji," aliniandikia mara moja, "nchi ngeni isikufanye usahau herufi, mwanangu. Ni theluji." Rafiki yangu aliona karatasi zile zenye wino mwekundu zimetapakaa kitandani akacheka, akauliza nani huyo anayenisahihisha kutoka mbali kote huko.

"*Stryj*," nikasema.

Lilikuwa neno jipya na nililitamka vizuri. Kuanzia siku hiyo kila barua ya baba yangu ikawa barua ya ndugu wa marehemu. Rafiki yangu alimpenda sana huyo ndugu. Alikuwa akiuliza, "*Stryj* kasemaje mwezi huu?" nami namtafsiria, na tunacheka pamoja.

Nilirudi nyumbani nikaajiriwa katika kiwanda cha nguo Chang'ombe. Nikaolewa, nikazaa, kiwanda kikafungwa, nikabaki na cherehani zangu na nyumba nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, ambako mpaka leo mashine za kusaga chuma ndizo zinazotuamsha. Maisha ya rafiki yangu niliyafuata kwanza kwa barua, kisha kwa simu. Nchi yao ilipogeuka, wenzake wengi waliokuwa wakiimba nyimbo za wafanyakazi waligundua kwamba siku zote walikuwa wafanyabiashara. Yeye alibaki kushoto na kuchekwa. Akawa diwani, akawa mbunge. Akagombana na mapadri, akagombana na chama chake akahamia kingine, akagombana na hicho akarudi. Waliomchukia walimwita masalia ya utawala wa zamani, na waliompenda walichoka kumtetea. Kwenye kila kampeni alisimulia habari za msichana aliyelala naye chumba kimoja, binti wa kuli wa bandari ya Dar es Salaam, na akamalizia na sentensi yangu ya maneno matatu. Waliichapisha hadi kwenye mabango yake.

Halafu ikaja siku akapiga kura pamoja na serikali kufunga kile kiwanda cha matofali mekundu alichofanyia kazi mama yake. Wanawake wa pale walimrushia vigurudumu vya nyuzi kwenye gari. Jioni akatokea kwenye televisheni, akasema hakuna wa kumfundisha uchungu wa mfanyakazi, yeye anayemjua binti ambaye kazi ilimuua baba yake. Kipande hicho alinitumia mwenyewe, nikakitazama nimesimama jikoni. Nilikasirika. Nilimwona anamtumia baba yangu aliyekufa kujifutia aibu yake. Kisha nikamsikia baba yangu aliyekufa barazani anauliza kama kuna chai.

Alikuwa amehamia kwangu baada ya mama kufariki. Alishavuka miaka themanini, miwani yake imefungwa uzi, anasikiliza mpira kwenye redio na kuwakosoa watangazaji sarufi.

Rafiki yangu alipogombea uongozi wa chama, wapinzani walichimba. Kati ya yote waliyoyachimba, hilo la nyumba kubwa aliyopata kwa bei ya mfanyakazi na hilo la kiwanda, lililomuumiza ni dogo: walisema yule binti wa kuli hayupo. Kamtunga. Gazeti moja la kwao likaamua kumtuma mwandishi mpaka Dar. Rafiki yangu alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake imezeeka.

"Wanasema hupo," alisema. "Mpokee huyo mwandishi, ni msichana. Sikuombi uniongezee neno. Mwambie tu uliyoniambia mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya mgeni nilipanga kumpeleka baba Kawe ashinde kwa dada yangu. Shemeji aliahidi kuja na gari, hakutokea. Nikamwambia baba apumzike ndani, jua kali. Akanitazama juu ya miwani. "Mgeni gani huyo asiyetaka kuniona mie?" Akaagiza kanzu yake safi na kofia, akajiweka barazani kwenye kiti chake kabla hata mgeni hajafika.

Nilikuwa na tumaini moja tu, nalo la kijinga: kwamba tutazungumza Kipolandi. Baba hajui neno hata moja la Kipolandi. Ningesema yote mbele yake, naye angetabasamu na kunywa chai. Gari likasimama, akashuka binti wa miaka ishirini na kitu, nywele kama majani makavu, akaja moja kwa moja kwa baba na kuinama.

"Shikamoo, babu."

Alikuwa amesomea Kiswahili chuoni kwao. Baba alifurahi mpaka akavua kofia. "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba. Karibu sana."

"Asante. Nimefurahi kufika. Watu wa hapa ni mizuri."

"Wazuri," baba akasema, mkono tayari umeshika kalamu. "Watu wazuri. Miti ndiyo mizuri."

Wakacheka wote wawili. Yule binti akafungua daftari, akanigeukia mimi akiwa bado anacheka, na akauliza jambo ambalo kila mgeni huuliza, bila ubaya wowote, kwa Kiswahili chake cha darasani: "Na babu huyu ni nani wako?"

Baba alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimuwahi.

"Baba mdogo," nikasema.

Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani, na mengine nimeyatubia nikayasahau. Hili silisahau kwa sababu nilikuwa namtazama usoni. Baba hakushtuka. Aliweka kikombe chini polepole kwenye kisosi, akanitazama kama alivyokuwa akitazama neno lililoandikwa vibaya, akitafuta kosa liko herufi gani.

"Kwa hiyo babu," binti akamwambia, "ulikuwa na ndugu aliyefanya kazi bandarini?"

"Nilikuwa naye," baba akasema. "Alikuwa kuli. Robota lilimwangukia, akafa pale pale." Hapo hakusema neno ambalo si kweli.

Kalamu ya yule binti ilisimama. "Robota?"

"Robota, mjukuu wangu. Mzigo wa pamba."

Akanigeukia macho yamemtoka, nami nikajua kwamba kaelewa. Basi nikamweleza, haraka haraka, kwa furaha ya uongo: kwamba ndiyo, lilikuwa kosa la lugha, nilisema mzigo ulimuua baba, rafiki yangu akasikia kazi, nilikuwa mgeni. Binti alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema hii ndiyo habari yenyewe, ni nzuri kuliko aliyotumwa. Nilimpa kosa dogo ili asilitafute kubwa, na alilipokea kwa mikono miwili.

Kabla hajafunga daftari akataka kuhakikisha maandishi yake. Alikuwa makini, baba angempenda kazini. "Na huyo marehemu, babu, alikuwa mkubwa wako au mdogo wako?"

Karakana ya jirani ilikuwa imenyamaza. Nilitazama visahani vya kashata. Baba yangu, ambaye kwa miaka yote bandarini hakuwahi kuandika mzigo ambao hakuuona kwa macho yake, alingoja kidogo. Nadhani aliningojea mimi.

"Mkubwa," akasema.

Mgeni alimpiga picha, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Nilikusanya vikombe. Nilikuwa naelekea ndani nilipomsikia.

"Hivi mie huko nilikufa lini?"

Sikuweza kugeuka. "Mwaka wa kwanza, baba."

"Ahaa." Akavua miwani. "Na zile barua zangu? Kila mwezi naandika, nani alikuwa anaandika?"

"Nilisema baba mdogo."

Nilidhani atafoka. Ningeshukuru kama angefoka. Akasema tu, taratibu, kama mtu anayesahihisha: "Mdogo wangu hakujua kuandika. Hata mshahara alikuwa anaweka dole gumba. Unajua hilo."

"Najua, baba."

"Haya. Hiyo chai imepoa, nipashie."

Habari ilitoka na picha ya baba, amevaa kofia, na chini yake limeandikwa *stryj*. Rafiki yangu alinisomea yote kwenye simu. Kosa la robota liliwachekesha na kuwaliza watu kwao, hata waliomchukia. Uongozi wa chama aliupata. Mwaka uliofuata aliupoteza kwa ugomvi mwingine ambao hata sikuuelewa vizuri. Haukudumu, huo tuliomlipia.

Baba hakuniuliza tena. Alichofanya ni utani. "Baba mdogo ana kiu," anaita kutoka barazani. "Baba mdogo anaomba kofia yake." Wajukuu walicheka bila kujua wanacheka nini, nami nikacheka nao, nikampelekea maji. Wapo watakaosema huo ni msamaha wa wazee wetu. Mimi nilikuwa naishi naye. Kila aliposema hivyo alinitazama, akanipa nafasi ya kusema, "Wewe ni baba yangu, na kesho nitawaandikia." Kila mara nikamletea alichoomba.

Alifariki mwaka jana, Ijumaa, baada ya siku mbili tu za kuumwa. Tulimzika siku ileile kabla ya magharibi. Kesho yake asubuhi, nyumba imejaa watu na majamvi, niliweka picha yake kwenye simu bila maneno yoyote, kama watu wanavyofanya siku hizi. Saa moja haikupita ujumbe ukaingia kutoka Polandi, mrefu, kwa Kipolandi kizuri. Rafiki yangu aliandika kwamba amelia. Alisema analikumbuka bomba la joto na vitanda vyetu viwili, na kwamba barua zile ndizo zilizomfundisha kuwa mtu anaweza kupendwa kutoka mbali. "Pole kwa kuondokewa na *stryj* wako," aliandika. "Siusahau wino wake mwekundu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha baba. Shati lake jeupe lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, kalamu zote mbili mfukoni. Yeye asingeliacha neno lile lipite. Angelikata kwa mstari mmoja na juu yake angeandika lililo sahihi, kisha angeirudisha barua kwa aliyeituma. Nilianza kuandika *ojciec*, baba. Nikafika herufi ya tatu. Nikamfikiria rafiki yangu, amezeeka, hana cheo, amebakiwa na ile sentensi tu. Nikajifikiria mimi zaidi. Nikafuta.

"Asante," nikamwandikia.

Kisha nikajifunga kanga vizuri, nikatoka ukumbini, kwa watu waliokuwa wananingoja wanipe pole ya baba.